Sura ya Saba: Mtu wa Sentimita Tatu

Karibu kila anayeanza kazi hii huuliza swali lilelile. Mbona kisanamu nilichokikalia usiku kucha, nikakichora hadi kucha za vidole, kikifika mezani kinaonekana donge la rangi, ilhali cha mwenzangu aliyetumia nusu ya muda wangu kinaonekana kiko hai? Na kwa msomaji aliye mbali na miji mikubwa kuna swali la pili. Nipo Mbinga mjini, au nipo chini kule Ziwa Nyasa, Mbamba Bay au Liuli. Rangi maalumu za visanamu sijawahi kuziona dukani. Je, nisubiri mpaka nipate mtu wa kunitumia kutoka Ulaya?

Usisubiri. Maswali haya mawili yana jibu moja, na sehemu kubwa ya jibu hilo ilifanyiwa kazi zamani na mtu aliyezaliwa mkoani Ruvuma, aliyetumia rangi za kawaida za dukani. Tutamfikia.

Ni visanamu gani hivi?

Tuanze na yule asiyevijua kabisa. Kuna michezo inayochezwa mezani kama bao na drafti, ila badala ya kete kila mchezaji ana kikosi cha visanamu. Mmoja ana mazimwi na wachawi, mwenzake ana askari wa sayari za mbali na maroboti yao. Hatua hupimwa kwa rula. Dadu hurushwa kuamua nani kapigwa na nani kanusurika. Meza yenyewe hupambwa kwa vilima, magofu na miti. Kisanamu cha mtu kwa kawaida kina milimita 28 kutoka kwenye nyayo hadi machoni, ingawa vya siku hizi vimerefuka kidogo na vingi hufika 32. Hutoka kiwandani vikiwa vya plastiki ya kijivu, au vya resini, yaani utomvu wa kemikali uliogandishwa kwenye kalibu, au vya madini yenye bati. Kuvipaka rangi ni kazi ya mnunuzi. Wapo wengi ambao dadu hawaigusi kabisa, starehe yao ni brashi.

Michezo hii ina ukoo wake. Mwaka 1913 mwandishi wa Uingereza H. G. Wells, ambaye mwaka 1898 alikuwa amekwisha kutoa riwaya ya viumbe wa sayari ya Mirihi kuivamia dunia, alichapisha kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupigana vita sakafuni kwa askari wa kuchezea. Mwaka mmoja baadaye vita vya kweli vilifika hadi kwetu. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ikiongozwa na Kapteni Rhoades, iliingia Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na lile sanamu kubwa la Misri. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kapteni wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita imeanza, na akashangaa kuona rafiki yake wa zamani anampiga mizinga. Anayetafuta kisa cha kuchezea mezani hana haja ya kwenda mbali: ghuba moja, meli mbili, na upande mmoja haujui kwamba una adui.

Mazimwi na wachawi waliingia baadaye. Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa hadithi za njozi ambamo kila mchezaji ni mhusika mmoja. Mwaka 1983 kampuni ya Uingereza, Games Workshop, ambayo makao yake yako Nottingham, ilitoa Warhammer, na mwaka 1987 ikaupeleka mchezo huo anga za juu kwa Warhammer 40,000. Kutoka hapo upakaji wa visanamu ukawa sanaa inayojitegemea, yenye mashindano, mafundi wanaoheshimiwa na rangi zake maalumu.

Mita 40

Sasa tulijibu swali la kwanza, na tulijibu kwa hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayomaliza ubishi.

Mtu mzima wa kawaida ana mita 1.6 hivi kutoka kwenye nyayo hadi machoni. Kisanamu chetu kina milimita 28. Gawanya, utaona kwamba kisanamu ni kidogo mara 57 kuliko mtu. Mchezaji akikaa kwenye kiti chake, kisanamu kilicho katikati ya meza kiko umbali wa sentimita 70 kutoka machoni pake. Zidisha 70 mara 57, utapata mita 40 kasoro kidogo. Maana yake ni kwamba unapokitazama kisanamu mezani unakiona kwa ukubwa uleule ambao ungemwona mtu halisi aliyesimama mita 40 mbele yako.

Mtu aliye mita 40 unamtambua kwa mwendo wake, kwa shati lake, kwa mzigo alioubeba kichwani. Rangi ya mboni zake huioni. Vifungo vya shati huvioni.

Ingia ndani zaidi. Jicho la binadamu likiwa wazi lina upana wa sentimita 3 hivi. Kwenye kisanamu linakuwa nusu milimita. Mboni yenye milimita 12 inakuwa milimita 0.2, na hiyo ndiyo karibu ncha ya uwezo wa jicho zima, lisilo na tatizo, kutofautisha kitu kwa umbali wa sentimita 70. Kwa hiyo aliyekesha akichora mboni ya buluu yenye kidoa cheusi katikati alichora kitu ambacho mwenzake upande wa pili wa meza hawezi kukiona, hata akitaka.

Kivuli nacho kinapungua vilevile. Mkunjo wa shati wenye kina cha sentimita 2 unakuwa theluthi moja ya milimita, na kivuli chake kinakuwa uzi mwembamba unaopotea. Hapo ndipo donge linapozaliwa. Kisanamu kilichopakwa shati jekundu kwa rangi moja nyekundu, hata kama rangi hiyo ni sahihi kabisa na haikutoka nje ya mstari, kinakuwa bapa, kwa sababu vivuli vinavyoliambia jicho kwamba hapa pana bega na pale pana kwapa vimekwisha kuwa vidogo mno.

Kwa ufupi:
- Kisanamu hutazamwa kwa mbali, hata kikiwa karibu.
- Undani wa chini ya milimita 0.2 ni kazi ya bure.
- Mwanga na kivuli havitakuja vyenyewe. Anayevileta ni mpakaji.

Njia ya Nottingham

Mafundi wa Uingereza waliyatatua haya kwa kukuza mwanga. Hatua zao ni nne, nami nitazieleza kwa majina tutakayoyatumia katika sura yote.

Ya kwanza ni praima, jina ambalo mafundi rangi wetu wanalo tayari: tabaka la chini linaloshika kwenye plastiki au chuma ili rangi nyingine zipate pa kung'ang'ania. Ya pili ni rangi za msingi: shati jekundu, buti nyeusi, ngozi ya kahawia, kila kitu na rangi yake bila madoido. Ya tatu ni maji ya kivuli, yaani rangi nyeusi au ya kahawia iliyozimuliwa sana, ambayo hupakwa juu ya kisanamu chote na yenyewe hukimbilia mabondeni, kwenye mikunjo na makwapa, ikaacha giza pale ambapo kivuli kingekuwepo. Ya nne ni kurudisha mwanga. Hapa zipo namna mbili. Brashi kavu ni brashi iliyochovywa rangi nyepesi kisha ikafutwa kwenye kitambaa hadi ikabaki na chembe tu, halafu ikapitishwa juujuu ili iguse miinuko peke yake. Kupasha kingo ni kupitisha mstari mwembamba wa rangi nyepesi kwenye kila ukingo wa silaha, deraya au pembe.

Njia hii inafanya kazi, na anayeimudu ana haki ya kujivunia. Lakini inadai rangi nyingi za daraja mbalimbali, brashi zenye ncha ya sindano na subira ya mwaka. Wanaoanza wengi hukata tamaa hapa, wakidhani kwamba hakuna njia nyingine. Ipo.

Mtu wa Tunduru na mtu wa Masasi

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, mkoa huuhuu wa Ruvuma. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha kama wengine, akafanya kazi za nyumbani na vibarua, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alinunua hadibodi, zile bodi ngumu za mafundi ujenzi, akazikata vipande vya mraba, akatumia rangi za mafuta zinazong'aa ambazo watu walipakia baiskeli. Alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu walimpiga risasi kwa kudhani gari alilokuwemo ndilo walilolitafuta. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima.

Tazama alivyofanya. Usuli wa rangi moja au mbili zinazofifia kuelekeana. Mnyama mmoja katikati, mwenye umbo lililokatwa wazi dhidi ya usuli. Kisha madoa, mistari na nukta, nyeusi juu ya njano, nyeupe juu ya nyeusi. Hakuna anayetafuta vivuli vya mkunjo wa ngozi ya chui wa Tingatinga, na hakuna anayemkosa chui huyo hata akiwa upande wa pili wa barabara.

Wa pili ni George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi na kufariki mwaka 2005. Wachongaji wa Kimakonde walikuwa wamekwisha kuufungua mlango wa mashetani: vinyago vya mpingo vyenye jicho moja, masikio ya ajabu, miguu ya vidole viwili, mtindo unaohusishwa na Samaki Likankoa wa miaka ya 1950. Mashetani ya mpingo hubaki meusi. Lilanga, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, aliwatoa gizani. Alichonga mbao laini akazipaka rangi kali: mwili wa buluu, tumbo la pinki, madoa ya njano, macho makubwa ya mviringo yaliyozungushiwa nyeupe. Viumbe wa kubuni, waliochongwa, wakapakwa rangi kwa mkono! Kama kuna babu wa sanaa hii katika Afrika Mashariki, kwa maoni yangu ni yeye, ingawa vinyago vyake havikukusudiwa dadu wala rula.

Mwingereza hushinda umbali kwa kuongeza mwanga na kivuli. Tingatinga na Lilanga huushinda kwa utengano: rangi mbili zinazopingana zikikaa bega kwa bega, na mpaka ulio wazi kati yake. Sheria ya mita 40 inatimizwa kwa njia zote mbili. Lakini ya pili inataka makopo matano ya rangi, na rangi ya mafuta yenye mng'ao, ambayo vitabu vya Ulaya huikataza kwenye visanamu, ndiyo iliyozaliwa nayo. Kwa mazimwi, majini na viumbe wa sayari nyingine naipendekeza bila kusita. Kwa askari mwenye sare ya vumbi, tumia ya Nottingham. Na hakuna anayekuzuia kuzichanganya: maji ya kivuli kwanza, madoa ya Lilanga juu yake.

Rangi zinazopatikana Mbinga

Zunguka kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, duka la vifaa vya shule na kwa fundi wa kuandika mabango, utapata karibu kila kitu. Fundi wa mabango hasa ni mtu wa kufanya naye urafiki. Makopo yake huwa na mabaki yanayotosha visanamu mia, na mkono wake unajua kuvuta mstari mwembamba bila kutetemeka. Mwombe kwa heshima, "Shikamoo fundi, naomba unifundishe kushika brashi," na utajifunza kwa nusu saa jambo ambalo kitabu hakiwezi kulieleza.

Vya kutafuta:
- Rangi ya mafuta, makopo madogo kabisa: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na buluu. Nyingine zote utachanganya.
- Rangi ya maji ya ukutani, nyeupe na nyeusi. Ichuje kwa kitambaa chepesi kwanza, maana ina chembe za chokaa zinazoonekana kama vipele kwenye uso wa mtu wa sentimita tatu.
- Oksaidi nyekundu, ule unga wa kupakia sakafu ya saruji. Hakuna kutu wala vumbi jekundu la kuipita.
- Brashi ndogo za wanafunzi, vijiti vya meno, na sindano iliyochomekwa kwenye kijiti cha mwanzi.
- Gundi nyeupe ya mafundi seremala, na msasa laini.

Maonyo yapo, nayo si ya kuruka. Tina, petroli na rangi ya kucha huyeyusha plastiki ngumu ya visanamu. Uso wa shujaa wako utalainika na kuteremka mbele ya macho yako. Rangi ya kucha ina vikopo vizuri na brashi tayari, lakini iweke kwa ajili ya visanamu vya udongo, mbao au chuma. Kwa plastiki anza na matabaka mawili membamba ya rangi ya maji yaliyokauka vizuri, kisha rangi ya mafuta ije juu kwa uchache, ikizimuliwa kwa tapentaini kidogo kama ni lazima. Usigeuze mpangilio huo: rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa hubanduka kama ganda. Wanasesere wa plastiki laini, wale dinosaria wa kuchezea watoto, hawayeyuki upesi ila hawashiki rangi. Waoshe kwa sabuni, wasugue kwa msasa, ndipo uanze. Fanya kazi dirisha likiwa wazi. Na usiilambe brashi ili kuipa ncha, tabia ya wapakaji wengi duniani, kwa sababu baadhi ya rangi za mafuta, hasa makopo ya zamani, zina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kumpaka jitu la ziwani

Sasa mfano mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisanamu si cha kununua: ni jitu la njozi, nusu mtu nusu samaki, lililofinyangwa kwa udongo uliochanganywa na tone la gundi nyeupe ili usipasuke, juu ya kiunzi cha waya mwembamba, likakauka kivulini kwa siku kadhaa. Mtoto yeyote aliyewahi kufinyanga ng'ombe wa udongo ana nusu ya ufundi huu mkononi.

Rangi zake tuziombe kwa mbuna, wale samaki wadogo wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa. Simama juu ya mwamba Mbamba Bay jua likiwa juu na maji yametulia, utawaona wakila mwani kwenye mawe. Dume la aina nyingi lina buluu ya kung'aa iliyokatwa na mistari myeusi ya wima kutoka mgongoni kwenda tumboni. Jike wa hapohapo huweza kuwa wa kahawia au wa manjano iliyofifia. Ukihama kutoka mwambao mmoja wa mawe hadi mwingine rangi hubadilika, kwa kuwa mbuna hawapendi kuvuka mchanga mtupu, na kila kundi limeishi peke yake kwa vizazi vingi. Kuna mmoja wa kisiwa cha Hongi, karibu na Liuli, wa buluu mwenye rangi ya machungwa mgongoni. Jina la kisiwa hicho limefika hadi kwa wafuga samaki wa Ulaya na Marekani kwa sababu yake. Dume anahitaji kuonekana na mpinzani wake kupitia maji mengi, na maumbile yakampa utengano: buluu kali, nyeusi, buluu kali. Ni sheria ileile ya mita 40.

Praima: rangi ya maji nyeusi, kote. Ikikauka, chukua nyeupe ya maji kwa brashi kavu, uipitishe kutoka juu tu, kana kwamba mkono wako ndio jua la saa sita. Kichwa, mabega, mgongo na mapaja yatakuwa meupe, na chini ya kidevu, makwapa na tumbo vitabaki vyeusi. Hapo, kabla ya rangi yoyote, jitu tayari lina umbo. Liweke mezani, rudi nyuma hatua moja, ulitazame. Kama mwanga hauonekani sasa, hautaonekana baadaye, basi ongeza nyeupe.

Kisha buluu ya mafuta, iliyozimuliwa iwe nyembamba kiasi cha kuacha nyeupe na nyeusi za chini zipenye. Pale penye nyeupe itang'aa kama mgongo wa mbuna, na pale penye nyeusi itakuwa buluu ya kilindini. Iache siku mbili. Mbinga mjini mwezi wa Juni na wa Julai, baridi ikiwa kali, iache nne.

Sasa mistari. Nyeusi nzito kidogo, kwenye brashi uliyoipunguza nywele kwa wembe. Usiivute mistari sawasawa kama ya rula. Anza nene mgongoni, malizia nyembamba ubavuni, na kila mstari ufuate mviringo wa mwili, maana mstari unaofuata mviringo hulieleza umbo vizuri kuliko kivuli chochote. Kwenye pezi la mgongoni weka rangi ya machungwa: nyekundu sehemu moja, njano sehemu tatu. Pembeni mwa pezi, nukta nyeupe kwa ncha ya kijiti cha meno. Chovya mara moja, gusa mara moja, futa kijiti, chovya tena. Usipofuta, nukta ya tatu itakuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Macho yaache mwisho. Usichore mboni yenye undani. Weka shimo la jicho jeusi, juu yake njano moja ya mviringo isiyolijaza shimo lote, ili ukingo mweusi ubaki kuizunguka. Kwa jitu la namna hii nukta nyeusi moja katikati inatosha, kwa sababu macho yake ni makubwa kuliko ya mtu. Kwa askari wa kawaida hata hiyo usiweke.

Fanya yote haya mchana, karibu na dirisha. Taa nyingi za sola zina mwanga mweupe wenye ubaridi, ambao huifanya buluu ionekane kali kuliko ilivyo na huififisha rangi ya machungwa. Kukicha utashangaa umepaka nini.

Uwanja wa kupigania

Kisanamu kikikamilika hukaa juu ya kitako, kile kiduara cha chini kinachokisimamisha. Vizibo vya soda vinafaa kabisa. Na kitako kisipopambwa, kisanamu kizuri huonekana kimesimama juu ya sahani.

Hapa Mbinga ina utajiri ambao maduka ya Nottingham yangeuuza kwenye pakiti. Ganda jepesi la kahawa linalotoka mashineni kahawa inapokobolewa lina umbo na rangi ya jani kavu. Livunje kidogo, limwage juu ya gundi nyeupe, tayari una sakafu ya msitu. Mchanga wa ziwani uliochekechwa ni changarawe ya saizi halisi. Punje za ulezi zilizopakwa nyeusi ni risasi za mizinga au mayai ya mdudu wa sayari nyingine, mradi uzipake gundi pande zote ili wadudu wa kweli wasizile. Kuvu kavu ya kwenye shina la mkahawa ni kichaka bila kukigusa.

Kwa meza nzima, tengeneza mteremko wa ngoro. Wasomaji wa nje ya Umatengo, yaani milima hii ya Mbinga, waelezwe: ngoro ni mashimo ya kilimo yanayopangwa safu kwa safu kwenye mteremko. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa miraba, udongo unachimbwa katikati na kufukiwa juu yake, mazao yanaota kwenye matuta, na mvua inaingia mashimoni badala ya kuporomosha mlima. Shimo la kweli la upana wa mita moja na nusu, likigawanywa kwa 57, linakuwa na milimita 26. Kisanamu kimoja kinaenea ndani yake barabara. Nimeona vitabu vingi vya mandhari ya meza za mchezo, vyenye mahandaki na magofu ya kila aina, na sijaona mandhari inayofaa mapigano kuliko hii: kila shimo ni kinga, kila tuta ni kizuizi cha kupunguza mwendo, na anayepanda mlima anaonwa na aliye juu. Tengeneza kwa karatasi zilizolowekwa kwenye gundi juu ya boksi lililokunjwa, paka rangi ya kahawia, kisha brashi kavu ya oksaidi nyekundu kwenye matuta. Mashimo yaachie giza lake.

Ziwa nalo lina mandhari ya ajabu ambayo mgeni huidhani ya kubuni. Kuna siku nguzo za moshi mweusi husimama juu ya maji, ndefu kuliko mlingoti wa meli, zikisogea taratibu na upepo. Ni kungu, wadudu wadogo wanaoibuka kwa mabilioni. Pamba iliyochambuliwa, ikapitishwa kwenye maji ya kivuli meusi na kukaushwa juu ya waya, inafanana nazo kabisa. Mezani inaweza kuwa pazia linalozuia kuona, au jini lenyewe.

Vanishi na hali ya hewa

Visanamu hushikwashikwa, na mafuta ya vidole hula rangi ya miinuko kwanza, yaani palepale ulipoweka mwanga. Tabaka la mwisho la vanishi ni la lazima. Tatizo letu ni unyevu. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua za Umatengo zikiwa zimekolea, vanishi isiyong'aa hushika ukungu mweupe inapokauka, na kazi ya wiki nzima inafunikwa na utando wa maziwa. Panga kupaka rangi masika na kupiga vanishi kiangazi. Kama haiwezekani, subiri siku ya jua, weka visanamu na kopo la vanishi ndani ya chumba chenye joto kwa saa nzima, kisha paka tabaka jembamba kati ya saa tano na saa nane mchana. Kule ziwani tatizo ni kinyume chake. Joto huikausha vanishi kabla haijatandaa na huacha alama za brashi, kwa hiyo afadhali asubuhi mapema, pepo za mchana hazijaanza kurusha mchanga.

Kuhusu mng'ao, usifuate kanuni moja kwa kikosi kizima. Askari, mawe na mbao vipate vanishi isiyong'aa, la sivyo taa ya mezani itameta juu ya sare na kuharibu vivuli ulivyovipaka. Jitu letu ni la majini. Mwili wake upewe vanishi yenye mng'ao tabaka mbili, ngozi ionekane imelowa, na kitako chake cha mchanga kibaki kikavu.